Nani Aandike Ndani ya Folda ya Barua: Historia Kutoka MIT hadi Musaga

Januari 1995, kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kilitoa tahadhari juu ya programu ndogo iitwayo /bin/mail. Programu hiyo ilikuwamo katika kompyuta nyingi za Unix zilizorithi mfumo wa Berkeley, na kazi yake ilikuwa moja: kupokea barua pepe na kuiongeza kwenye sanduku la mwenyewe. Tahadhari ilieleza kwamba mtumiaji wa kawaida, mwenye akaunti halali kwenye mashine, angeweza kuilaghai programu hiyo iandike kwenye faili lisilo lake, na kwa njia hiyo ajipatie mamlaka ya msimamizi mkuu, yule ambaye Unix humwita root. Hakuhitaji kubahatisha nywila ya mtu wala kufumbua maandishi ya siri. Alihitaji tu folda inayohifadhi masanduku ya watu wote iwe wazi kwa kila mtu kuandika ndani yake, na kwenye mashine nyingi za wakati huo ilikuwa wazi. Nashikilia kwamba tahadhari hiyo inaeleza historia ya usalama wa barua kwenye Unix vizuri kuliko habari zote za virusi na nywila zilizoibwa. Kwa miaka mingi watu walililinda sanduku la barua huku wakiiacha wazi folda iliyolibeba, na nafuu ya kweli ilikuja pale folda hiyo ya pamoja ilipoanza kuachwa.

Hoja hii inasimama juu ya kanuni moja ya Unix ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Ruhusa za faili husema nani asome na nani aandike yaliyomo ndani yake. Jina la faili, hata hivyo, si mali ya faili. Limeandikwa ndani ya folda. Kwa hiyo mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda anaweza kuunda jina jipya, kulifuta lililopo, au kuliondoa na kuweka lingine mahali pake, hata kama faili lenyewe hawezi kulisoma. Sanduku la barua likiwekewa ruhusa 600, yaani mwenyewe peke yake asome na kuandika, lakini likakaa katika folda yenye ruhusa 777, yaani wazi kwa kila mtu, jirani hataweza kuzisoma barua zilizomo. Ataweza kulifuta sanduku zima. Ataweza kulipa jina jingine na kuweka faili lake mwenyewe mahali pale, na barua ya kesho itaingia humo. Kwa maneno mengine, kuruhusiwa kuandika kwenye folda ni kupewa mamlaka juu ya majina yote yaliyomo, na mwenye majina ana njia nyingi za kuyafikia yaliyobaki.

Waliobuni barua ya kompyuta waliligusa tatizo hili mapema. Huko MIT, kwenye mfumo wa CTSS uliotumiwa na watu wengi kwa zamu ndogondogo za muda, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika amri ya barua mwaka 1965, wakifuata pendekezo la wenzao Pat Crisman, Glenda Schroeder na Mfaransa Louis Pouzin. Barua iliongezwa kwenye faili lililoitwa MAIL BOX ndani ya folda ya mpokeaji mwenyewe, na faili hilo lilifungwa lisisomwe na mwingine. Ili hilo liwezekane, programu ya barua ilibidi ipewe upendeleo ambao watumiaji hawakuwa nao: kuandika ndani ya folda za watu wengine. Mamlaka juu ya folda yalibaki kwa mwenye folda na kwa programu moja iliyoaminiwa. Mfumo huohuo ulionyesha pia nini hutokea majina yanapogongana. Fernando Corbató, kiongozi wa CTSS, alisimulia katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing ya mwaka 1990 jinsi wasimamizi wawili walivyokuwa wakihariri kwa wakati mmoja, mmoja faili la nywila na mwingine tangazo la siku. Programu ya kuhariri ilitumia jina moja tu la faili la muda katika folda, kwa kudhani kwamba hapangekuwa na watu wawili mahali pamoja. Mafaili yakabadilishana, na kila aliyeingia kwenye mfumo akasomewa nywila za wote. Hapakuwa na mwizi. Folda ya pamoja na jina linalojulikana vilitosha.

Unix iliyozaliwa Bell Labs ilikuwa na amri ya barua tangu mwongozo wake wa kwanza wa Novemba 1971. Dennis Ritchie aliipa chombo kizuri cha kutatua tatizo la MIT: alama ya setuid, inayoiruhusu programu kufanya kazi kwa mamlaka ya mmiliki wake badala ya mamlaka ya anayeiendesha. Ombi la hataza yake liliwasilishwa mwaka 1973, nayo ikatolewa Januari 1979. Lakini mwaka huohuo wa 1979, toleo la saba la Unix lilikuwa likiyaweka masanduku ya wote katika folda moja, /usr/spool/mail. Uamuzi huo ulikuwa na sababu za kueleweka, kwani msimamizi aliona barua zote mahali pamoja, diski ilikuwa rahisi kupima, na programu ya kupeleka haikulazimika kuzunguka folda za nyumbani. Gharama yake ilichelewa kuonekana, kwa sababu mashine ya chuo ya miaka hiyo ilitumiwa na watu waliojuana kwa sura.

Gharama ilijitokeza pale programu za kusomea barua zilipoongezeka. Kila programu ilitaka kuunda faili dogo la kufuli kando ya sanduku, ili msomaji na mpelekaji wasiandike kwa wakati mmoja na kuharibu barua. Kuunda kufuli ni kuandika jina kwenye folda, na njia nyepesi ilikuwa kumfungulia kila mtu. Mfumo wa 4.3BSD wa mwaka 1986 ulileta kizuizi cha kupunguza madhara: alama ya kunata kwenye folda, ile tarakimu 1 mwanzoni mwa 1777. Kwa alama hiyo kila mtu anaweza kuunda jina, lakini anayeweza kulifuta au kulibadilisha ni mmiliki wa faili, mmiliki wa folda, au root. Wengi walidhani suala limekwisha. Halikuwa limekwisha, kwa sababu alama ya kunata humzuia mtu kugusa faili la mwenzake, lakini haimzuii kucheza na la kwake. Mshambuliaji wa mwaka 1995 alilifuta sanduku lake mwenyewe katika ile nukta kati ya /bin/mail kukagua kwamba sanduku ni salama na kulifungua iandike. Mahali pake aliweka kiungo kinachoelekea faili muhimu la mfumo, na programu yenye mamlaka ya root ikaongeza humo maandishi aliyoyatunga yeye. Tena, mfanyakazi mpya ambaye hajapokea barua hana sanduku bado, na yeyote aliweza kuliunda kabla yake kwa jina lake na kulimiliki.

Kulikuwa na kambi nyingine, iliyofuata desturi ya System V, tawi jingine la Unix. Hapo folda inamilikiwa na root na kikundi kiitwacho mail, ikiwa na ruhusa 775 au 2775, na sanduku ni 600 au 660. Watumiaji hawaandiki kwenye folda; programu za barua hupewa uanachama wa kikundi hicho kwa alama ya setgid. Mfumo wa Debian unashikilia utaratibu huu hadi leo. Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Washington, mtu aliyebuni itifaki ya IMAP mwaka 1986, aliupinga bila kuuma maneno. Maktaba yake, iliyotumiwa na programu ya Pine, ilimwonya mtumiaji kwamba sanduku lake liko hatarini kama folda haina 1777. Ni rahisi kumdhihaki leo, ila hoja yake ilikuwa nzito: ukiipa programu kubwa ya kusomea barua uanachama wa kikundi cha mail, kasoro yoyote moja ndani yake inakuwa mlango wa barua za wote. Yeye mwenyewe alitoa njia ya kati, programu ndogo sana iitwayo mlock ambayo hufanya kazi moja ya kuunda kufuli na peke yake ndiyo yenye setgid. Katika mabishano hayo kila kambi iliona sawasawa udhaifu wa nyingine. Zote mbili zilikuwa zikijadili jinsi ya kugawana folda ambayo haikupaswa kugawanwa.

Mabishano hayo yaliwakuta Waafrika Mashariki wakiwa ndiyo kwanza wanaingia kwenye Unix. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe ya kanda hii ilipita zaidi kwenye FidoNet, mtandao uliobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984, ambamo kompyuta ndogo zilipigiana simu na kukabidhiana mafurushi ya barua. Mradi wa ESANET uliviunganisha hivyo vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe, na HealthNet ikawapelekea madaktari habari kwa setilaiti ndogo zilizopita angani mara chache kwa siku. Kompyuta nyingi za mtandao wa aina hiyo zilitumia MS-DOS, na diski ya DOS haikuandika popote faili ni la nani. Mwendeshaji wa kituo aliweza kusoma kila kitu, na siri ya barua ilitegemea tabia yake tu. Unix ilileta kitu ambacho DOS haikuwa nacho: mmiliki, kikundi na wengine, vikiwa vimeandikwa kwenye kila faili. Vikoa vya majina vikafuata, .ke mwaka 1993, .tz na .ug mwaka 1995, na .bi ya Burundi Oktoba 1996.

Tarehe hiyo ya mwisho ina uzito wake. Burundi ilikuwa vitani tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, na tangu mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zilikuwa zimeiwekea vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Mitaa ya Bujumbura ilikuwa imegawanyika kikabila: Kamenge na Kinama upande mmoja, Musaga, Nyakabiga na Ngagara upande mwingine. Musaga, zoni ya kusini mwa jiji, kando ya barabara inayopanda kuelekea Ijenda, ilikuwa mahali ambapo jina la mtu na anwani yake vilitosha kumhatarisha. Mwishoni mwa Aprili 2015 Musaga ilikuwa tena katikati ya maandamano, na siku hizohizo Facebook, WhatsApp na Viber zilifungwa kwenye simu za nchi nzima. Katika jiji lenye historia hiyo, swali la nani anaweza kufungua au kupoteza barua ya mwenzake haliwezi kuachiwa fundi aliamue kwa mazoea. Katiba ya mwaka 2005 iliahidi siri ya mawasiliano, na sheria ya Machi 2022 imeweka adhabu kwa uhalifu wa mitandao. Lakini seva haisomi katiba. Hutii tarakimu nne alizoziandika msimamizi, na tarakimu hizo ndizo zinazoamua kama ahadi ya sheria inatekelezwa ndani ya diski.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili liwe kubwa zaidi kwenye taasisi ndogo kuliko kwenye kampuni kubwa. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya nchi zisizo na bahari ilipita kwenye setilaiti, kwa bei kubwa na mwendo mdogo. Barua ililetwa mara moja na kuhifadhiwa kwenye seva ya hapohapo, na kwa sababu vifaa vilikuwa vichache, seva hiyohiyo ilibeba tovuti, mafaili ya ofisi na akaunti za wafanyakazi. Yaani hali ile ya chuo cha Marekani ya mwaka 1979, mashine moja na watu wengi ndani yake, iliendelea kuishi kwetu baada ya kwao kuisha. Mafunzo ya AfNOG, kikundi cha waendeshaji wa mitandao wa Afrika, yaliyoanza Cape Town mwaka 2000 na kufika Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, yalisaidia sana kwa kuwafundisha mafundi wa Afrika kusimamisha FreeBSD na seva za barua kwa mikono yao wenyewe. Asiyefika huko alinakili mipangilio ya wengine, na kunakili 1777 bila kujua kwa nini iliwekwa ni kurithi hatari bila kurithi sababu.

Nje ya kanda, njia ya kutokea ilikuwa imeshapatikana. Daniel J. Bernstein, mwanahisabati aliyeandika qmail katikati ya miaka ya 1990, aliliacha kabisa sanduku la faili moja. Katika muundo wake wa Maildir kila barua ni faili lake, na kila mtumiaji ana folda tatu nyumbani kwake: tmp, new na cur. Barua huandikwa kwanza kwenye tmp kwa jina lisiloweza kujirudia, kisha huhamishiwa new kwa hatua moja isiyokatika. Kufuli halihitajiki, na kwa kuwa kufuli halihitajiki, hakuna sababu ya kumruhusu mtu yeyote kuandika kwenye folda ya mwingine. Maildir hukaa na ruhusa 700 ndani ya nyumba ya mwenyewe, na barua ikarudi palepale MIT ilipoiweka mwaka 1965. Sendmail, programu kongwe ya Eric Allman, nayo ilibadilika: toleo la 8.9 la mwaka 1998 lilianza kukataa kulitii faili la kuelekeza barua, lile .forward, likiwa ndani ya folda ambayo kikundi au watu wengine wanaweza kuandika. Sendmail ilikuwa imetambua, baada ya miaka mingi ya maumivu, kwamba faili haliwezi kuwa salama kuliko folda yake.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka kwa mtu aliyekuwa makini kuliko wengi. Wietse Venema alipotoa Postfix mwaka 1998 akiwa IBM, aliigawa katika programu nyingi ndogo ili isiwepo hata moja yenye mamlaka makubwa. Lakini kwa kuogopa alama ya setgid aliacha folda moja, maildrop, wazi kwa kila mtu kudondosha barua inayotoka, mfano wa tundu la sanduku la posta ambalo unaingiza bahasha bila kuona zilizomo. Bernstein alimkosoa hadharani, kwani anayeweza kuunda majina kwenye folda ya pamoja ana hila ambazo tundu la posta halina. Hatimaye Venema aliifunga folda hiyo na kuiachia kazi programu ndogo ya setgid, postdrop. Kama fundi wa kiwango chake, aliyekuwa akijenga kwa ajili ya usalama tangu mstari wa kwanza, hakuweza kuifanya folda ya wote iwe salama kwa alama ya kunata peke yake, sioni kwa nini msimamizi mwenye kazi kumi Bujumbura aaminishwe kwamba ataweza.

Wako watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa barua za watu wengi wa Musaga ziko Gmail tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2004 na kusambaa. Kwa barua ya mtu binafsi ni kweli, na kwa wengi ni salama zaidi huko. Taasisi ni suala jingine. Shule, zahanati, kanisa au shirika lenye anwani yake chini ya .bi linahifadhi barua mahali fulani ambapo mtu fulani ameweka ruhusa. Wengine watasema usimbaji wa PGP, uliopo tangu mwaka 1991, unafanya ruhusa zisiwe na maana. PGP huficha mwili wa barua. Haifichi nani amemwandikia nani wala lini, na haimzuii jirani kulifuta sanduku au kuupokea mkondo wa barua zinazofuata. Kwa mtu aliyeishi Musaga mwaka 1995, orodha ya walioandikiana ilikuwa ya hatari sawa na maneno yenyewe.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la kiufundi. Seva za kisasa zinazotumia Dovecot, kazi ya Mfini Timo Sirainen tangu mwaka 2002, mara nyingi huhifadhi barua zote chini ya mtumiaji mmoja, vmail, kwa hiyo ruhusa za Unix hazimtenganishi tena mtu na mtu. Nalikubali hilo, na pale ambapo wenye barua hawana akaunti za kuingia kwenye mashine ni mpango mzuri. Lakini mpaka haujaondoka, umehamia kati ya vmail na kila kitu kingine kilichopo kwenye seva, na unalindwa na 700 ileile ya folda ya juu. Hatari yake huonekana kwenye seva za kukodi, ambako barua na tovuti za shirika dogo hukaa chini ya nyumba moja ya mteja. Picha zikikataa kupanda kwenye tovuti, ushauri unaopatikana haraka kuliko wote ni chmod -R 777, na ukitekelezwa kutoka juu ya nyumba hiyo unaifungua tovuti pamoja na barua zote za wafanyakazi, kwenye seva isiyowatenga wateja wake vizuri. Dawa yake ni ya dakika chache: folda za barua zirudishwe 700 au kiwango anachoelekeza mwenye seva, barua zenyewe 600, folda za tovuti 755 na kurasa zake 644. Kisha chanzo cha picha kukataa kitafutwe kwa amri ya ls -ld, ambayo mara nyingi itaonyesha kwamba folda ya kupokelea picha inamilikiwa na mtumiaji tofauti na yule anayeendesha tovuti, na chown, yaani kubadilisha mmiliki, ya folda hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikihitajika.